Wimbo ni wa Wote, Sauti Ina Mwenyewe

Neno tutakalolichunguza leo unalijua tayari: sampuli. Katika soko la nafaka, mnunuzi huingiza mkono ndani ya gunia, huchota konzi ya mahindi na kuyatazama kama yamekauka vizuri. Hiyo ni sampuli. Katika zahanati, mhudumu hukutoa tone la damu ili apime malaria. Hiyo nayo ni sampuli. Katika studio ya muziki neno hilo lina maana ya tatu: ni kipande cha sauti kinachokatwa kutoka katika rekodi ya zamani na kupandikizwa katika wimbo mpya. Vijana wa studio wana kitenzi chao, kusampo. Sisi tunaojifunza Kiswahili sanifu tutasema kuchukua sampuli.

Tazama sasa tofauti iliyopo. Mwenye mahindi husimama kando ya gunia lake. Humwona mnunuzi anapochota, na anaweza kumwambia kwamba hiyo inatosha. Mgonjwa naye hunyoosha kidole chake mwenyewe. Lakini mwimbaji aliyerekodiwa mwaka 1950 hayupo studioni wakati sauti yake inapokatwa, na mara nyingi ameshafariki. Ni nani basi anayesimama kando ya gunia lake? Nitakueleza historia ya jambo hili, kisha nitatoa msimamo wangu, nawe utakuwa huru kuupinga kwa hoja.

Kwa nini swali hili ni letu

Ikiwa unasoma makala haya ukiwa Nabuyoga, Tororo, Malaba au Busia, basi unaishi karibu na mpaka ambao umri wake ni mdogo kuliko nyimbo zetu. Hadi mwaka 1902, nchi iliyo mashariki ya mpaka wetu wa leo, hadi Kisumu na kuipita, ilihesabiwa kuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Tarehe 1 Aprili mwaka huo, serikali ya Uingereza iliuhamishia mkoa huo katika Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Wasamia wakajikuta pande zote mbili, na Wateso vivyo hivyo. Jopadhola wa Tororo wakabaki Uganda, ilhali ndugu zao wa lugha, Wajaluo, wakawa watu wa Kenya. Mwaka 2018 marais wa nchi hizi mbili walikutana Busia kufungua rasmi kituo cha pamoja cha forodha ili malori yapite upesi. Nyimbo hazikungoja kituo hicho. Tongoli ya Jopadhola na nyatiti ya Wajaluo ni ala za ukoo mmoja, na mpigaji wa upande huu akimsikia mwenzake wa upande ule anajua mkono unakoelekea.

Zamani, kurekodi wimbo kulihitaji gari, mashine nzito na mtaalamu. Leo kunahitaji simu. Katika harusi na matanga ya vijiji vyetu, mzee anapoanza kuimba, mikono yenye simu huinuka. Kijana mwenye kompyuta na programu ya muziki anaweza kuikata sauti ya mzee huyo jioni ileile, akaiwekea biti, akaisambaza kabla ya mapambazuko. Kwa hiyo usidhani kwamba tunazungumzia wasanii wakubwa wa ng'ambo peke yao. Tunazungumzia pia sauti ya nyanya yako.

Sauti zilivyoingia katika hifadhi

Tuanze na watu wawili waliokusanya sauti za nchi zetu.

Wa kwanza ni Klaus Wachsmann, mzaliwa wa Berlin, mwanamuziki na mtafiti aliyefika Uganda mwaka 1937. Mwaka 1948 alikabidhiwa Jumba la Makumbusho la Uganda mjini Kampala, na katika miaka iliyofuata alizunguka nchini akirekodi waimbaji na wapiga ala. Alilifanya jumba lile kuwa mahali ambapo ala zilipigwa, hazikutundikwa ukutani tu. Rekodi zake zilipelekwa London, na kwa miaka mingi Mganda aliyetaka kuzisikia alilazimika kusafiri hadi huko.

Wa pili ni Hugh Tracey, Mwingereza aliyehamia Rhodesia ya Kusini akiwa kijana, akavutiwa na nyimbo za wafanyakazi wa shambani. Katika miaka ya 1950 na 1952 alizuru Afrika Mashariki na vinasa sauti vyake, akirekodi Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1954 alianzisha nchini Afrika Kusini maktaba ya kimataifa ya muziki wa Kiafrika, ambayo kwa Kiingereza hufupishwa ILAM, na sahani zake zikauzwa katika mfululizo mrefu wenye zaidi ya juzuu 200.

Tusiwahukumu watu hawa kwa pupa. Bila wao, sauti nyingi zingezikwa pamoja na wenyewe. Hata hivyo, tuangalie jambo moja kwa makini: mwimbaji alikubali nini aliposogea mbele ya kinasa sauti? Alikubali kuimba mbele ya mgeni. Labda alikubali pia kwamba wimbo wake usikike mbali. Hakuweza kukubali sampuli, kwa sababu kitu hicho hakikuwapo. Kompyuta za kwanza za kukata na kupanga sauti zilianza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1970, tena kwa bei ambayo ni studio chache duniani zilizoimudu. Huwezi kusema mtu alitoa ruhusa kwa jambo ambalo hakuweza kuliwaza. Wala huwezi kusema alikataa. Kinachobaki ni ukimya, na ukimya wa mtu ambaye hakuulizwa haupaswi kuhesabiwa kuwa ndiyo.

Je, kuazima si desturi yetu?

Najua kuna mwanafunzi atakayeinua mkono hapa. Atasema: "Mwalimu, nyimbo za mapokeo hazina mwenyewe. Kila mwimbaji huazima kwa mwenzake. Kwa nini msanii wa leo azuiwe kufanya waliyofanya mababu?"

Hoja hiyo ni nzito, na ningependa kuijibu kwa kisa cha wasichana wa Kipsigis.

Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi huko Kapkatet, karibu na Kericho, wimbo unaoitwa Chemirocha. Aliyeongoza, kama sahani inavyomtaja, ni Chemutoi Ketienya, akiitikiwa na wasichana wenzake. Chemirocha ni nani? Ni Jimmie Rodgers, mwimbaji Mmarekani aliyefariki mwaka 1933. Sahani zake zilifika Kericho pamoja na gramafoni za Wazungu. Wakipsigis waliisikia sauti ile ngeni, wakalitamka jina lake kwa midomo yao, na kwa maelezo ya Tracey wakamwaza kuwa kiumbe nusu mtu, nusu paa. Kisha wasichana wakamtungia wimbo wao wenyewe.

Unaona? Wasichana hawa waliazima bila kumwomba mtu yeyote ruhusa. Waliazima jina, wakaazima mshangao wa sauti iliyotoka ndani ya sanduku. Lakini walipofungua vinywa, kilichotoka kilikuwa sauti zao na lugha yao. Jimmie Rodgers hakupungukiwa na chochote. Hakuna aliyemsikia Chemutoi akadhani anamsikia Mmarekani.

Hapo ndipo ninapoona mpaka wa kweli. Mapokeo yetu yaliruhusu kuazima wimbo, lakini yalimlazimu mwenye kuazima aimbe kwa koo lake mwenyewe. Ukiusikia wimbo wa jirani nawe ukataka kuuimba katika harusi ya dada yako, ilikubidi ujifunze maneno, uyazoee mapigo, utoke jasho, na watu waseme kama umeuweza au umeuharibu. Katika kujifunza huko mlikuwa na uhusiano na mwenye wimbo: ulikaa karibu naye, ukamsikiliza, na mara nyingi ukamtaja. Sampuli huondoa kazi hiyo yote. Haichukui wimbo peke yake. Huchukua pumzi ya mtu, kikohozi chake na uzee wa koo lake. Ndiyo maana nasema wimbo unaweza kuwa wa wote, lakini sauti ina mwenyewe. Asiyekubali kuwalinganisha mwigaji wa mwandiko wako na mtu anayekata sahihi yako na kuibandika kwenye barua yake, atanielewa.

Bembelezo lililopotezwa jina

Sasa tutoke Afrika kwa muda, twende Visiwa vya Solomon katika bahari ya Pasifiki, kwa sababu kisa kinachofundisha zaidi kilianzia huko, kisha, kwa kosa la watu, kikaja kubandikwa jina la Afrika.

Karibu na mwaka 1970, mtafiti Hugo Zemp alimrekodi mama mmoja wa kisiwa cha Malaita aitwaye Afunakwa. Wimbo ni bembelezo linaloitwa Rorogwela. Ndani yake mkubwa anamtuliza mdogo wake anayelia, akimweleza kwamba mzazi wao amekwenda kwa wafu. Ni wimbo wa yatima. Rekodi hiyo ilitolewa katika mfululizo wa sahani za UNESCO, na jina la Afunakwa likaandikwa.

Mwaka 1992 wanamuziki wawili wa Ufaransa waliojiita Deep Forest waliichukua sauti ile, wakaiwekea ngoma za mashine, wakauita wimbo wao Sweet Lullaby. Albamu iliuzwa kwa mamilioni, na wimbo ukatumika katika matangazo ya biashara. Sauti iliyoomboleza mzazi aliyekufa ikawa sauti ya kuuza bidhaa. Sehemu nyingine za albamu hiyo zilijengwa juu ya sauti za watu wa misitu ya Afrika ya Kati, na wasikilizaji wengi wakadhani zote zimetoka huko. Mwaka 1996 mwanamuziki mashuhuri wa Norway, Jan Garbarek, aliupiga mwimbo uleule kwa saksafoni, akaupa jina linalodai kwamba ni bembelezo la Mbilikimo.

Tafakari hatua hizo. Mtafiti aliandika jina. Msanii wa kwanza aliliacha. Msanii wa pili, ambaye sina sababu ya kumshuku nia mbaya, hakuwa na jina la kufuata, akaupeleka wimbo wa Pasifiki katika msitu wa Kongo. Waswahili wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lilikuwapo, aliyechukua mali hakulibeba.

Kama ungetaka kumlipa Afunakwa baada ya hapo, ungeanzia wapi? Ungemtafuta Kongo.

Mvua iliyofika Marekani

Turudi nyumbani, upande wa pili wa mpaka wetu. Katika miaka ya 1970 mjini Nairobi kulikuwa na bendi ya vijana iliyoitwa Black Savage. Miongoni mwa nyimbo zake ulikuwa Kothbiro, jina la Kijaluo lenye maana kwamba mvua inakuja. Mwenzao mmoja, Job Seda, baadaye alijulikana duniani kwa jina la Ayub Ogada. Alikwenda Uingereza na nyatiti yake, na mwaka 1993 akatoa albamu ya En Mana Kuoyo ambamo aliuimba Kothbiro upya, kwa upole, yeye na nyuzi zake. Mwaka 2005 wimbo huo ulisikika katika filamu ya The Constant Gardener, na wasikilizaji wengi wakauzoea kuwa wa Ayub Ogada.

Tarehe 1 Juni 2018, rapa Mmarekani Kanye West alitoa albamu mpya. Wimbo wake mmoja, Yikes, umejengwa juu ya sampuli ya Kothbiro ya Black Savage. Katika orodha ya watunzi wa Yikes yamo majina mawili ya Kenya: Ayub Ogada na James Mbarack Achieng. Wengi waliomjua wa kwanza hawakuwahi kumsikia wa pili. Sampuli, iliyoandikwa ipasavyo, ilifanya kazi ambayo miaka 40 ya sifa haikuifanya: ililirudisha mezani jina lililokuwa limefifia. Ayub Ogada alifariki tarehe 1 Februari 2019, miezi minane tu baada ya albamu ile.

Jina katika orodha ya watunzi si pambo. Katika biashara ya muziki, mgawo wa mirabaha, yaani malipo anayostahili mtunzi kila kazi yake inapotumiwa, hufuata orodha hiyo. Asiyeandikwa halipwi, hata kama kila msikilizaji anaitambua sauti yake. Aliyeandikwa anaweza kuchelewa kulipwa, anaweza hata kupunjwa, lakini anayo karatasi ya kudai, na warithi wake wanayo.

Huenda unaukumbuka pia wimbo Salome wa Diamond Platnumz na Rayvanny wa mwaka 2016, uliojengwa juu ya Maria Salome wa Saida Karoli, mwimbaji wa Kihaya kutoka Kagera aliyevuma mwanzoni mwa miaka ya 2000. Vijana waliokuwa watoto wachanga Saida alipovuma walianza kuwauliza wazazi wao, "Huyu Saida ni nani?" Kazi mpya iliyolitunza jina la ile ya zamani iliwapeleka wasikilizaji nyuma kwenye chanzo. Basi usinielewe vibaya, msomaji. Sipingi sampuli. Napinga sampuli isiyo na njia ya kurudi.

Sheria inafika wapi

Kwa kuwa blogu hii ni ya elimu ya uraia, hatuwezi kuikwepa sheria. Uganda ilitunga Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi mwaka 2006. Sheria hiyo iliweka haki za kiuchumi za mtunzi zidumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na haki za mtayarishaji wa rekodi zidumu miaka 50. Fanya hesabu kidogo: rekodi ya mwaka 1950 yenye ulinzi wa miaka 50 ilikamilisha muda wake mwaka 2000. Kwa hiyo msanii anaweza kuchukua sahani ya zamani, akauliza wakili, na wakili akamjibu kwamba hakuna wa kumshtaki kwa ajili ya rekodi yenyewe.

Je, jibu la wakili limemaliza jambo? Sheria zenyewe zinaonyesha kwamba halijamaliza. Kando ya haki za kiuchumi kuna haki za kimaadili: haki ya mtunzi kutambuliwa kuwa mtunzi, na haki ya kazi yake kutoharibiwa kwa namna inayomvunjia heshima. Wazo la haki hizi ni kwamba uhusiano wa mtu na kazi yake si uhusiano wa fedha peke yake. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika kifungu cha 27, linaweka mambo mawili pamoja: kila mtu ana haki ya kushiriki katika maisha ya utamaduni, na kila mtunzi ana haki ya kulindwa masilahi yake ya kimaadili na ya kimali. Haki ya kijana kutumia urithi na haki ya mzee kuheshimiwa ziko katika kifungu kimoja.

Majirani zetu wa Kenya wameenda mbele zaidi kuhusu nyimbo zisizo na mtunzi mmoja. Katiba yao ya mwaka 2010, kifungu cha 11, inalitaka Bunge litunge sheria ili jamii zipate fidia au mirabaha utamaduni wao unapotumiwa. Mwaka 2016 ikatungwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, inayodai ridhaa ya jamii kabla ya matumizi. Lakini fikiria wimbo wa Wasamia. Jamii hiyo iko Busia ya Uganda na Busia ya Kenya. Ridhaa itaombwa upande gani? Sheria husimama mpakani, wimbo hausimami. Kwa sababu hiyo nasema kazi kubwa haitafanywa na mahakama. Itafanywa na adabu ya mtu anayechukua, na daftari la mtu anayerekodi.

Hifadhi zinaporudi nyumbani

Kuna habari njema pia. Mwaka 2009 nakala za rekodi za Wachsmann zilirejeshwa Uganda, na Chuo Kikuu cha Makerere kikaanzisha hifadhi ya muziki yenye jina lake. Mwanafunzi wa Tororo hahitaji tena viza ya Uingereza ili asikie sauti zilizorekodiwa nchini mwake.

Upande wa Kenya, mwaka 2014 maktaba ya ILAM ilishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi kuzirudisha rekodi za Tracey kwa jamii zilikotoka, Kapkatet ikiwa mojawapo. Zaidi ya miaka 60 ilikuwa imepita, lakini wazee waliokumbuka siku ile ya kurekodiwa walipatikana wangali hai. Hilo linaubomoa udhuru tunaousikia mara nyingi, kwamba hakuna tena wa kumuuliza. Aghalabu yupo. Kinachokosekana ni nauli na nia.

ILAM hiyohiyo iliruhusu mradi wa Uingereza uitwao Beating Heart utumie rekodi za Tracey, na mwaka 2016 ikatoka albamu ya sampuli za sauti za Malawi, mapato yake yakielekezwa kwenye kazi za hisani nchini humo. Baadhi ya watu watauliza kama hisani ni malipo ya haki, kwa kuwa mpokeaji wa hisani si lazima awe wa ukoo wa aliyeimba. Nami nauliza hivyohivyo. Hata hivyo mradi ule ulipita mlangoni: uliomba kwa mwenye hifadhi, ukataja chanzo, ukarudisha kitu katika nchi ya sauti. Hauwezi kuwekwa kapu moja na yule aliyekata bembelezo la yatima akaliacha jina njiani.

Wajibu wako

Msomaji wangu, dawa ya deni ni kulipa, na deni la sauti hulipwa kwanza kwa jina. Fedha hufuata jina; haziwezi kumfuata asiyejulikana. Hivyo basi, nakupa mambo machache ya kutenda.

Unapomrekodi mzee kwa simu yako, mwombe kwanza, kisha mwache ajitambulishe mwenyewe mwanzoni mwa rekodi: jina lake, kijiji chake, jina la wimbo, na wimbo huimbwa wakati gani. Taja tarehe. Muulize anaruhusu nini: isikilizwe nyumbani tu, darasani, redioni, au itumiwe hata katika muziki mpya? Sasa unaweza kumweleza jambo ambalo mwimbaji wa mwaka 1950 hakuweza kuelezwa. Mpigie mfano wa sampuli, umsikilizishe, ndipo ajibu.

Unapotaka kuchukua sampuli, tafuta jina kwanza. Kuuliza si ujinga. Ukilipata, liandike kwenye wimbo wako, tena mahali panapoonekana. Ukipata mwenyewe au watoto wake, wapelekee wimbo wausikie kabla ya kuutoa, mkubaliane mgawo. Wimbo ukiwa wa jamii nzima, waendee wazee wa ukoo au chama cha utamaduni. Jua pia wimbo ulikuwa wa kazi gani. Wimbo wa kumlaza maiti haufai kutangazia soda, hata kama kila sheria imenyamaza. Na ukiona huwezi kumpata wa kuuliza, ipo njia ya mababu iliyo wazi daima: jifunze wimbo ule, uimbe kwa koo lako.

Maswali ya kujadili

1. Eleza tofauti kati ya kuazima wimbo na kuchukua sampuli ya sauti. Je, unakubaliana na mwandishi kwamba tofauti hiyo ni kubwa? Toa hoja mbili.

2. Mradi uliotumia rekodi za Malawi ulielekeza mapato kwenye hisani. Je, hisani inatosha kuwa malipo kwa ukoo wa mwimbaji?

3. Wimbo wa jamii iliyo pande mbili za mpaka uombewe ruhusa kwa nani? Jadilini katika makundi, kila kundi liwakilishe upande mmoja.

4. Mtembelee mzee mmoja wa kijijini kwenu. Kwa ruhusa yake, rekodi wimbo mmoja ukifuata hatua zilizotajwa hapo juu, kisha uandike insha ya maneno 200 kuhusu aliyoruhusu na aliyokataza.